Nilimwambia Afunge Kioo

Ninyi mnaofundisha udereva siku hizi mna sauti nzuri. Nawasikia mkipita na magari ya shule zenu, vioo vimeshushwa, mkisema pole pole, mama, achilia klachi kidogo, usijali tutarudia. Zamani ungefundisha kwa sauti kama hiyo, mwenye shule angekuita ofisini akuulize kama umekuja kubembeleza watu au kuwafundisha.

Mimi nilifundishwa kazi na mzee mmoja aliyeitwa Ndambuki. Alikuwa na rula ya mbao aliyoikalia kila wakati, na mwanafunzi akigusa gia kabla ya kuambiwa, ile rula ilitoka chini ya paja na kutua kwenye vidole. Mzee Ndambuki aliamini kitu kimoja tu: mwanafunzi akianza kufikiria, gari liko mtaroni. Siku moja alimwambia kijana akate kushoto, na kushoto kwenyewe hakukuwa na barabara, kulikuwa na mama anauza makaa. Yule kijana akakata kushoto. Tuliangukia magunia ya makaa, tukatoka weusi wote. Mzee Ndambuki alijipangusa uso, akamtazama yule kijana, akasema kwamba huyu atakuwa dereva, kwa sababu anasikia.

Nilicheka mwaka mzima. Halafu nikawa yeye.

Nilifundisha katika mji wa Machakos kuanzia ujana wangu mpaka nilipoanza kuvaa miwani. Nilifundisha kuondoka mlimani kwa kuweka kiberiti nyuma ya tairi: gari likirudi nyuma na kukivunja kiberiti, unanunua kingine na unarudia. Nilifundisha kwenye ule ubao wa mji wa mfano, wenye vijigari vya kuchezea, ambapo watu wazima wenye wake na mashamba walitetemeka wakisukuma kigari cha plastiki kwenye mzunguko. Wanafunzi wangu walifaulu mtihani kuliko wa wengine. Watu walidhani nina ujuzi wa ajabu. Nilikuwa na sauti tu. Nilikuwa naweza kumpigia mtu kelele akiwa ng'ambo ya uwanja, naye akakanyaga breki kabla hajajua amekanyaga.

Nawaambia haya kwa sababu kuna mmoja wenu aliniuliza juzi siri ya kufaulisha wanafunzi, na nilimjibu mzaha nikaondoka. Jibu lenyewe ni hili, na linaniuma kulisema.

Alikuwepo mama mmoja aitwaye Wairimu. Alitoka Mkoa wa Kati, akaja Machakos na mumewe, mumewe akafariki, naye akabaki akiuza viazi na kabichi sokoni. Alikuwa na dada yake mdogo, Nyambura, aliyeuza vitunguu kwenye kibanda cha upande ule mwingine wa soko. Wairimu aliamua kununua pikapu yake ili awe anajiendea mwenyewe mashambani, na kabla ya kuinunua alikuja kwetu kujifunza.

Sijawahi kuona mtu anaogopa gari kama yule. Kila akishika usukani mikono ilitoa jasho mpaka ilikuwa inateleza, akawa anaipangusa kwenye aproni yake ya sokoni. Nilimwambia siku ya kwanza kwamba akikaa pale kuna sauti moja tu, yangu, na akisikia nyingine, hata kama ni ya malaika, angoje kwanza aniulize. Alicheka, lakini alilishika neno hilo. Alikuwa anarudia amri zangu kwa sauti ndogo, kama mtu anayesali. Gia ya pili, gia ya pili. Tazama kioo, tazama kioo. Alifaulu mtihani mara ya kwanza. Hata baada ya kupata leseni na pikapu, tukikutana mjini alikuwa anatoa kichwa dirishani na kuniuliza mbele ya watu, mwalimu, nipaki wapi? Nami nilikuwa namwonyesha kwa kidole, na moyo wangu ulikuwa unafura kama mandazi kwenye mafuta.

Ilikuwa wakati wa zile mvua nyingi za mwishoni mwa miaka ya tisini, zilizobeba madaraja na kufanya kila korongo kuwa mto. Upande wa Mitaboni kuna silanga, yaani bwawa la kuchimbwa la kunyweshea ng'ombe, na barabara inapita juu ya tuta lake. Kwa kawaida lile silanga lina maji ya kufika magotini na vyura. Mvua zile zililijaza mpaka maji yakawa karibu sawa na tuta.

Alasiri hiyo nilikuwa huko na mwanafunzi mwingine, Muli, mkulima wa Kola, katekista, mtu wa umri wa kati aliyejifunza pole pole sana. Nilikuwa nimemwambia wiki hiyo hiyo kwamba anaendesha kama anayefuata punda, na alikuwa ameniambia asante. Tulifika mwanzo wa tuta tukaona pikapu inakuja kutoka ng'ambo, imebeba magunia ya avokado. Nikamwambia Muli asimame pembeni tuipishe. Nikaitambua pikapu ya Wairimu. Nyambura alikuwa amekaa kando yake.

Wairimu alituona, akapiga honi mara moja ya kusalimu. Alikuwa anakwenda pole pole kabisa. Lakini tope la juu ya tuta lilikuwa kama sabuni, na tairi la mbele lilipotoka kwenye mstari, gari zima lilifuata. Halikupinduka. Liliteleza tu, kwa utaratibu, kama mtu anayeshuka kitandani, likaingia majini kwa pua na kusogea mbali na ukingo.

Nataka muelewe jambo hili, maana watu wengi hawalijui mpaka leo. Gari haliendi chini kama jiwe. Linaelea kwanza. Injini ndiyo inalivuta kwa mbele, lakini kwa muda kidogo linaelea, na huo muda kidogo ndio maisha yako yote.

Pikapu ilikuwa inaelea karibu na sisi, karibu kiasi kwamba niliona kitambaa cha Wairimu kichwani. Magunia yalikuwa yamefunguka na avokado zilikuwa zinatawanyika juu ya maji. Na nilimwona Wairimu akifanya kitu. Alikuwa amekamata hendeli ya kioo cha mlango wake na anaizungusha. Kioo kilikuwa kinashuka. Kilifika nusu.

Hapo ndipo mimi, mwalimu, nilipopiga kelele.

"Funga kioo! Maji yataingia! Funga, ushike usukani, utulie!"

Nilikuwa nimesimama juu ya tuta na mikono mdomoni kama tarumbeta. Nilisema kile kilichonijia, na kilikuja kwa ile sauti ya kazi, ile isiyokuwa na shaka. Kichwani mwangu gari lilikuwa kama mashua, na mashua huitoboi. Sikuwahi kufundishwa jambo hilo na mtu yeyote, wala sikuwahi kulifikiria. Lakini nilikuwa na sauti, na sauti ilitangulia.

Wairimu aligeuza uso akanitazama. Halafu akazungusha hendeli kwa upande ule mwingine, kioo kikapanda mpaka juu kabisa. Akashika usukani kwa mikono miwili, mmoja huku na mmoja huku, pale pale nilipomfundisha kuushika. Mkanda ulikuwa umefungwa, kwa sababu mkanda pia nilimfundisha mimi. Akaketi wima ananitazama.

Nyambura hakuwa mwanafunzi wangu. Yeye hakunitazama hata kidogo. Alishusha kioo chake mpaka chini, akatoa kichwa, akatoa mabega, akajigeuza na kukalia dirisha, akashika bomba la juu la pikapu na kujivuta mpaka akawa amelala juu ya kabini. Viatu vyake vilibaki majini. Kutoka pale juu alianza kumwita dada yake kwa Kikuyu, anapiga paa kwa kiganja. Sikuelewa maneno, lakini nilielewa. Alikuwa anamwambia atoke. Na Wairimu, ndani, alikuwa anatikisa kichwa na kunionyesha mimi kwa kidevu.

Muli alikuwa ameshavua shati na viatu. Alikuwa amechunga ng'ombe kwenye silanga kama lile tangu utotoni na maji hayakumtisha. Alichukua kamba ya kuvutia gari kutoka kwenye buti letu, akajifunga kiunoni, akanipa mwisho wake. Aliniambia nishike tu. Basi ndiyo kazi niliyofanya siku ile, kushika kamba. Mimi sijui kuogelea.

Alipofika, maji yalikuwa yanaingia kwa dirisha la Nyambura na kabini ilikuwa inazama haraka. Aliuvuta mlango wa Wairimu kwa nguvu zake zote, mguu mmoja ameupiga kwenye ubavu wa gari, na mlango haukusogea. Niliona maji yakimpanda Wairimu kifuani, shingoni. Bado alikuwa ananitazama. Nilifungua mdomo niseme kitu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikuwa na amri. Gari likaenda chini naye.

Muli alivuta pumzi akazama. Nyambura, paa lilipotoweka chini yake, alishika ile kamba akajivuta nayo mpaka ukingoni, akitema matope. Alikaa palepale topeni, hakulia, anatazama maji. Mimi nilitazama pia. Avokado zilikuwa zinaelea kote. Sitawaambia tulikaa muda gani kwa sababu sijui.

Kisha kamba ikashtuka na vichwa viwili vikatokea. Muli alinieleza baadaye kwamba huko chini alijaribu mlango tena, na safari hii ukafunguka kama mlango wa jikoni, kwa kuwa maji yalikuwa yamejaa ndani sawa na nje. Na mkanda, alisema, ulikuwa umeshafunguliwa. Wairimu aliufungua mwenyewe maji yalipomfika mdomoni. Tangu nipige ile kelele, ni kitu cha kwanza alichofanya bila kuambiwa na mimi.

Alitapika maji mengi na akalazwa hospitalini, kifua kikamsumbua mpaka mvua zikaisha. Lakini alipona.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Mnadhani mmeshaisikia, lakini bado.

Tulisali kanisa moja. Jumapili aliyorudi kanisani, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda, na Wairimu akasimama. Alikuwa amekonda. Akasema kwamba maji yalipomzunguka alitaka kupagawa, lakini akasikia sauti ya mwalimu wake ikimwambia afunge kioo na atulie, naye akatulia, na kwa kutulia kwake Mungu akapata nafasi ya kumtuma Muli. Kanisa likapiga makofi. Mchungaji akaniomba nisimame ili watu wanione.

Nikasimama. Nilifunga hata kifungo cha koti. Upande wa akina mama nilimwona Nyambura. Hakupiga makofi. Aliniangalia kwa muda, halafu akainamia Biblia yake akawa anafungua kurasa bila kusoma.

Wiki hiyo Muli alirudi kuendelea na mafunzo. Tulikuwa tunapanda kilima, nikampigia kelele aweke gia ya pili. Alisimamisha gari. Akavuta handbreki vizuri, akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kujua.

"Mwalimu," akasema, "hiyo unasema kwa sababu unajua, ama ni kwa sababu wewe ndio wa kusema?"

 Aliweka gia ya kwanza, ambayo ndiyo iliyofaa, tukapanda.

Nilipofika nyumbani nilichukua sufuria yenye kifuniko, nikaizamisha kwenye pipa la maji ya mvua huku nimekishikilia kifuniko. Ikiwa tupu ndani, kifuniko kinagandamizwa na maji, kukiinua ni vita. Nikaiacha ijae, na kifuniko kikatoka kwa kidole kimoja. Nilirudia mpaka mikono ya shati ikalowa. Mke wangu alitoka jikoni akaniuliza ninaosha nini, na sufuria ya ugali iko wapi. Nilimwambia naosha ujinga. Akaniambia basi niurudishe ukiwa mkavu, anataka kupika.

Hapo nilijua kwa hakika. Kioo kilichokuwa nusu kilikuwa ndicho mlango wake, na mimi nilikuwa nimeufunga.

Kabla sijamaliza habari ya Wairimu, wacha niwape mnachoweza kutumia. Wafundisheni wanafunzi wenu hivi: gari likigusa maji, usipige simu na usipoteze nguvu kwa mlango. Fungua mkanda. Shusha kioo hapo hapo, kingali juu ya maji. Kama ni gari la vioo vya umeme, bonyeza upesi kabla umeme haujafa. Kama kuna watoto, sukuma wao kwanza, mkubwa akitangulia ili amshike mdogo. Kisha wewe. Mkoba uache. Kioo kikikataa, vunja cha ubavuni, kwenye pembe, kwa kitu chenye ncha. Vile vyuma vya mto wa kichwa kwenye kiti vinaweza kutolewa vikafanya kazi hiyo. Cha mbele usihangaike nacho, hakivunjiki hivyo. Na ikiwa yote yamekushinda, weka uso karibu na paa, vuta pumzi, ngoja maji yajae, kisha sukuma mlango. Huo ni wa mwisho kabisa, si wa kwanza.

Na msiwaambie kwa mdomo tu. Mimi nilianza kuwafanyia mazoezi gari likiwa limesimama uwanjani. Nilimfunga mtu macho kwa leso, namwambia fungua mkanda, tafuta hendeli, shusha, toka kwa dirisha. Watu wenye vitambi walikataa mpaka nikalazimika kutangulia mimi, na siku ya kwanza nilikwama kiunoni, miguu ndani, kichwa nje, wapita njia wakisimama kutazama. Nilistahili.

Jambo la pili nililoanza, wenzangu waliliona wazimu. Nilikuwa natoa amri ya uongo. Katikati ya somo namwambia mwanafunzi akate kulia mahali palipokuwa na ukuta. Akikata, tunarudi nyumbani, hajaiva. Akinigeukia akasema hapana mwalimu, hapo hakuna barabara, nilikuwa nampa mkono. Mwenye shule aliniita akaniuliza kama nimezeeka.

Lakini hayo yote niliyafanya kabla ya kumwambia Wairimu ukweli. Ilikuwa rahisi zaidi kuwafundisha wageni kuliko kwenda mpaka soko la viazi. Nilikuwa nazunguka kwa barabara ya nyuma ili nisipite kibandani kwake, na nikikutana naye kanisani ananishika mkono kwa mikono miwili mbele ya watu. Nilivumilia mpaka mvua nyingine zikaja. 

Nikaenda asubuhi moja soko likiwa bado halijachangamka. Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, anachagua viazi, vya kijani anaviweka kando. Alinikaribisha, akaniita mwalimu, akataka kunitafutia pa kukaa. Nilikataa nikasimama. Nilimwambia kwamba siku ile nilikosea. Kwamba yeye alikuwa ameanza vizuri, na kama angeendelea kushusha kile kioo angetoka kama dada yake alivyotoka, na mimi ndiye niliyemzuia. Na kwamba kanisani niliposimama nilishajua, moyoni nilishajua.

Aliendelea kuchagua viazi. Nilidhani hakunisikia.

"Nyambura aliniambia," akasema. "Siku ile ile, nikiwa kitandani huko hosipitali. Alisema, huyo mzee alikuwa anakuua. Nilimfukuza. Nikamwambia asiwahi kutaja mwalimu wangu namna hiyo. Mpaka leo hatuongei na yeye."

Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimewaona wamekaa mbalimbali kanisani nikadhani ni mambo ya biashara. Nikaanza kusema pole, akainua kiganja kidogo chenye udongo, nikanyamaza.

"Unajua chenye nilikuwa nafanya huko ndani, maji ikipanda?" akauliza. Sasa alikuwa ananitazama. "Nilikuwa nangoja useme kitu ingine."



Alipangusa mikono, akamwomba mama wa kibanda cha jirani amwangalizie viazi, akapita kando yangu. Nilimtazama akikata katikati ya soko, akipita wauzaji wa nyanya na wa mitumba, mpaka upande wa vitunguu. Nyambura alikuwa ameinama anafungua gunia. Wairimu alifika, akashika upande wa pili wa lile gunia, wakaliinua pamoja.

Nilirudi kazini. Kesho yake tulikutana karibu na stendi, naye yuko kwenye usukani wa pikapu, kioo kimeshushwa. Alinisalimu vizuri, kwa upole, akaniuliza habari za nyumbani. Hakuniita mwalimu. Aliniita Baba Mumbua, kama majirani wanavyoniita, na hakuniuliza apaki wapi.